Mwenda Jean Bosco na Kiswahili cha migodini

Mwenda Jean Bosco alizaliwa mwaka 1930 Bunkeya, Katanga, mahali palipokuwa makao makuu ya Msiri, mfalme wa Bayeke. Jina Mwenda lenyewe ni la ukoo huo wa kifalme. Bayeke walitoka upande wa Unyamwezi, magharibi mwa Tanzania ya leo, wakifuata njia za misafara ya shaba na pembe katika karne ya 19. Msiri aliuawa Desemba 1891 na msafara wa Stairs, uliotumwa kwa ajili ya Leopold wa Ubelgiji.

Natangulia na habari hiyo kwa sababu tumezoea kusikia kwamba Kiswahili cha Katanga ni zao la kampuni ya migodi. Kampuni hiyo, Union Minière, iliundwa mwaka 1906, na ni kweli iliikuza lugha hii: wafanyakazi kutoka Kasai, Maniema, Rwanda na Rhodesia ya Kaskazini walihitaji kuelewana kambini na kazini. Lakini Kiswahili kilikuwa kimekwisha kupita Bunkeya pamoja na misafara, kabla Mbelgiji hajaweka ofisi. Mtoto aliyezaliwa hapo hakukiokota jalalani.

Mwenda alikuwa kijana mjini Jadotville, Likasi ya leo, Hugh Tracey alipofika mwaka 1952 na mashine yake ya kurekodi. Tracey, Mwingereza aliyeishi Afrika Kusini, alikuwa akizunguka nchi kwa nchi akikusanya muziki wa Waafrika. Alimkuta kijana huyo akipiga gitaa kwa vidole viwili tu, gumba na shahada. Gumba lilishika besi, kidole cha shahada kilipita juu yake na wimbo wa pili, na msikilizaji akadhani wapigaji ni wawili. Wimbo uitwao Masanga ulirekodiwa wakati huo, ukatolewa kwenye santuri za Gallotone, ukapata tuzo ya Osborn kuwa muziki bora wa Kiafrika wa mwaka ule.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 alikuwa Nairobi. Ndugu yake Edouard Masengo alikuwa huko pia. Waliimba redioni, waliimba matangazo ya dawa ya Aspro, na vijana wa Kenya wakaanza kuiga vidole vyao. Wanahistoria wa muziki husimulia sana juu ya vidole hivyo. Mimi nasomea isimu, na jambo linalonishughulisha ni kwamba watu wa Nairobi, na wa pwani waliosikia redio hiyo, waliimbiwa kwa Kiswahili cha Likasi. Ni Kiswahili chenye ba- mahali pa wa-, chenye ka- na tu- za udogo, chenye iko kwa mtu na kwa kitu, na upatanisho wa ngeli usiofuata kitabu. Santuri zilinunuliwa hata hivyo.

Hapa kwetu, tangu Goma hadi Bunagana mpakani, tunazungumza lugha iliyo jirani sana na hiyo. Dereva wa lori kutoka Mombasa akifika Bunagana huelewana na mbadilisha fedha wetu bila mkalimani, kila mmoja na sarufi yake. Na bado wengi wetu tuliingia kitivoni tukiamini kwamba lugha ya mama zetu ni Kiswahili kilichoharibika. Ningependa maneno ya Mwenda yasomwe darasani kwa umakini uleule ambao David Rycroft, mwanzoni mwa miaka ya 1960, aliutumia kuandika gitaa lake noti kwa noti. Zile rekodi za 1952 ni ushahidi wa lahaja yenye kanuni zake, uliohifadhiwa miaka zaidi ya 70, na unasikika.

Maisha yake mengine hayakuwa ya nyota wa muziki tunayemfikiria leo. Gitaa halikumlisha peke yake: alifanya kazi za ofisini, benki na katika kampuni ya madini, na mjini Lubumbashi alikuwa na bendi ya dansi. Mwaka 1969 alialikwa Marekani kupiga katika tamasha la Newport. Baadaye, Zaire ya Mobutu ilipowataka raia waache majina ya Kikristo, Jean Bosco akawa Mwenda wa Bayeke. Aliandika Bayeke, si Wayeke, na sijui ni mwalimu gani angethubutu kumtilia kalamu nyekundu.

Mwaka 1979 Mwingereza John Low, mpiga gitaa naye, alisafiri hadi Shaba kujifunza kwake, akaandika kitabu juu ya safari ile. Mwaka 1982 Mwenda alipiga Ulaya. Wageni walikuja na kumwita, huku nyumbani muziki wa bendi za Kinshasa, kwa Lingala, ukiwa umekwisha kuyafunika magitaa ya vidole viwili.

Mwaka 1988 alirekodi tena, Cape Town, akiwa na gitaa tu na sauti yake. Septemba 1990 alifariki katika ajali ya gari nchini Zambia. Rekodi za Cape Town zilitoka Marekani mwaka 1994, na juu ya kasha liliandikwa jina Mwenda wa Bayeke.