George Davis: Kwa Shujaa Huenda Kilio

Wahenga walinena kwamba kwa mwoga huenda kicheko, na kwa shujaa huenda kilio. Methali hii aghalabu hutumiwa kumtetea yule anayejiepusha na hatari. Hata hivyo, kwa yule asiyejiepusha, methali huacha swali zito: je, kilio hicho kinacholiliwa nyumbani hufidiwa na nini? Maisha ya George Andrew Davis, rubani wa Marekani aliyeuawa katika Vita vya Korea mwaka wa 1952, yanaturejesha kwenye swali hilo.

Davis alizaliwa tarehe 1 Desemba 1920 katika mji mdogo wa Dublin, jimboni Texas. Baada ya kusoma katika Chuo cha Harding, Arkansas, alijiunga na jeshi mapema mwaka wa 1942, wakati Marekani ilikuwa imeingia katika Vita Vikuu vya Pili vya Dunia miezi michache tu iliyotangulia. Alipohitimu urubani alipelekwa katika eneo la Pasifiki, akapigana na Wajapani katika anga za New Guinea na Ufilipino. Ndege aliyoirusha ilikuwa P-47 Thunderbolt, ndege nzito ya pangaboi. Alitoka kwenda vitani mara 266 na kuangusha ndege saba za adui. Kwa desturi ya marubani, anayeangusha ndege tano au zaidi huhesabiwa kuwa gwiji. Kwa hiyo Davis alitoka katika vita hivyo akiwa tayari na jina.

Vita vya Korea vilipozuka tarehe 25 Juni 1950, ulimwengu wa urubani ulikuwa umegeuka. Pangaboi lilikuwa limeanza kuipisha injini ya jeti. Mwezi Novemba mwaka huo, ndege mpya iliyoundwa na Warusi, MiG-15, ilitokeza katika anga ya Korea na kuziacha nyuma takriban ndege zote zilizokuwa huko. Marekani ikajibu kwa kuleta F-86 Sabre. Zote mbili zilikuwa na mabawa yaliyorudi nyuma na mwendo uliozidi kilomita 1,000 kwa saa. MiG ilipaa upesi zaidi, ikafika juu zaidi, na ilibeba mizinga mitatu. Sabre ilikuwa na bunduki sita za rashasha, ilitulia zaidi mikononi mwa rubani, na iliporomoka chini kwa kasi bila kutetereka. Tofauti hizi zilikuwa ndogo, na mara nyingi aliyeshinda ni yule aliyemwona mwenzake kwanza.

Mapambano hayo yalifanyika hasa kaskazini-magharibi mwa Korea, karibu na Mto Yalu, mahali ambapo marubani wa Marekani walipabandika jina la Bonde la MiG. Ng'ambo ya mto huo ilikuwa Manchuria, nchi ya Uchina, na huko ndiko vilikokuwa viwanja vya MiG. Marubani wa Sabre walikatazwa kuvuka mpaka. Aidha, walitoka mbali, karibu na Seoul, na mafuta yao yaliwaruhusu kukaa Yalu dakika chache tu. Adui aliweza kuchagua saa ya kuingia vitani na saa ya kurudi kwake.

Davis aliingia katika mazingira hayo mwishoni mwa mwaka wa 1951, akakabidhiwa uongozi wa Skwodroni ya 334. Alikuwa na sifa moja adimu: alijua kulenga mahali ambapo ndege ya adui ingekuwa baada ya nukta chache, wala si mahali ilipokuwa. Tarehe 27 Novemba aliangusha MiG mbili. Siku tatu baadaye, Sabre zilikutana na msafara wa ndege za kudondosha mabomu aina ya Tu-2, zilizotoka Manchuria zikielekea kisiwa kimoja cha pwani ya Korea. Davis aliangusha tatu. Mafuta yakiwa yamekaribia kumwishia, alisikia redioni sauti ya mwenzake aliyekuwa akishambuliwa na MiG. Badala ya kushika njia ya nyumbani, aligeuka, akaiangusha MiG moja, kisha akarejea kituoni na mafuta haba mno. Tarehe 13 Desemba aliangusha MiG nne kwa siku moja. Kufikia hapo alikuwa amewapita marubani wote wa Marekani katika vita hivyo, na pia alikuwa miongoni mwa Wamarekani saba tu waliopata kuwa magwiji katika vita hivyo viwili.

Tukio la Novemba linafaa kukumbukwa kwa sababu linaeleza lile la mwisho. Tarehe 10 Februari 1952, Davis aliongoza Sabre nne kuelekea Yalu. Mmoja wa marubani wake aliishiwa na oksijeni, ikambidi arudi pamoja na mwandani wake. Zikabaki ndege mbili. Punde wakaona MiG zipatazo 12 zikielekea kusini kwa kasi, upande ambako ndege nyingine za Marekani zilikuwa chini chini zikishambulia njia za uchukuzi. Ndege hizo zilikuwa za mwendo mdogo zaidi, na marubani wake hawakujua kilichokuwa kikiwajia kutoka juu.

Davis aliporomoka katikati ya kundi hilo kutoka nyuma. Aliiangusha MiG ya kwanza. Zile alizozipita zikaanza kumfyatulia risasi, naye akaiandama ya pili, ikashika moto na kuanguka. Wakati huo kasi aliyokuwa nayo ingetosha kumtoa hatarini. Hakuitumia. Alipunguza mwendo ili aipate ya tatu, na hapo ndipo ndege yake ilipopigwa. Ilipoteza mwelekeo, ikaanguka mlimani takriban kilomita 48 kusini mwa Mto Yalu. Alikuwa na umri wa miaka 31. Katika vita hivyo alihesabiwa ushindi mara 14: MiG 11 na Tu-2 tatu.

Kuna watakaosema kwamba kupunguza mwendo kulikuwa kosa. Kwa kanuni za urubani, hoja hiyo ina uzito, kwani katika mapambano ya jeti kasi ndiyo ngao. Hata hivyo, kanuni humlinda anayeifuata, na siku hiyo waliohitaji kulindwa walikuwa chini. Shambulio lake lilivuruga mpango wa MiG hizo. Ikiwa aliongozwa na wajibu pekee, au pia na hamu ya mwindaji, ni jambo alilokufa nalo.

Kifo chake kiligombaniwa na pande mbili. Uchina ilimpa sifa rubani wake Zhang Jihui, ambaye naye aliangushwa katika mapambano hayo akajiokoa kwa mwavuli. Miaka mingi baadaye, habari za Warusi waliopigana Korea kwa siri zilipofichuka, wapo waliodai kwamba aliyempiga alikuwa Mrusi, Mikhail Averin. Hesabu za vita vyote zimepata msukosuko kama huo. Marekani ilidai kwanza kwamba Sabre ziliangusha MiG 792 huku Sabre 78 tu zikipotea. Utafiti wa baadaye umepunguza sana tofauti hiyo. Basi hesabu ni kipimo kibovu cha ushujaa.

Habari ya kifo ilipofika Texas, ilimkuta mkewe, Doris, akiwa na watoto wawili na mimba ya wa tatu. Jambo lisilokuwa la kawaida kwa wajane wa askari wakati huo ni kwamba hakuificha hasira yake. Aliyalalamikia hadharani mapigano ambayo hakuona sababu yake. Mwaka wa 1954 Davis alitunukiwa Nishani ya Heshima, tuzo kuu ya ushujaa nchini Marekani, na ikapokelewa na Doris. Davis alikuwa amepandishwa cheo pia, akawa luteni kanali akiwa tayari maiti. Mwili wake ulipatikana na askari wa Uchina lakini haukurejeshwa nyumbani. Vita vyenyewe vilisimamishwa tarehe 27 Julai 1953, mpaka ukiwa karibu pale pale ulipokuwa vilipoanza.

Taifa lilipata shujaa, Doris akapata nishani na kilio. Kama kilio hicho kina fidia yoyote, haimo katika nishani wala katika ile hesabu ya 14. Huenda imo katika nyumba za marubani wale waliokuwa chini siku ile, ambao walirejea salama kwa wake na watoto wao, na ambao kwao hakukuliwa. Methali haikuwataja hao. Inamtaja mwoga na shujaa tu, na kumsahau yule anayecheka kwa sababu mwingine ameliliwa.