Karel Styblo na Rejista ya Kifua Kikuu

Katika kliniki za umma mjini Eldoret, mgonjwa wa kifua kikuu hapewi dawa tu. Jina lake huandikwa katika rejista, makohozi yake hupimwa tena matibabu yakiendelea, na asiporudi hutafutwa. Utaratibu huu, ambao wengi huudhania kuwa urasimu, ulitokana kwa kiasi kikubwa na juhudi za Karel Styblo.

Styblo alizaliwa mwaka wa 1921 nchini Chekoslovakia. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia alifungwa na Wanazi katika kambi ya Mauthausen, Austria, akaugua kifua kikuu. Alinusurika, akawa daktari, na katika miaka ya 1960 akahamia Uholanzi.

Hata hivyo, kazi iliyomjengea jina aliifanya Tanzania. Mwishoni mwa miaka ya 1970 alishirikiana na serikali ya nchi hiyo kuunda mpango wa taifa wa kudhibiti kifua kikuu na ukoma. Dawa zilikuwapo, waliokosekana ni wagonjwa. Matibabu yalichukua mwaka mmoja au zaidi, ilhali kikohozi hupungua baada ya majuma machache. Mgonjwa akishapata nafuu hurudi shambani, na viini vilivyosalia hujenga usugu. Styblo alisisitiza hadubini wilayani, matibabu mafupi yenye rifampisini, mgonjwa kumeza dawa mbele ya mhudumu, na taarifa ya kila robo mwaka: wangapi wamepona, wangapi wamefariki, wangapi wametoroka. Hesabu hiyo ilikuwa kali. Mganga hakuweza tena kujivunia idadi ya aliowaanzishia dawa. Wapo waliodai kwamba dawa ghali kama hizo zingepotea bure katika nchi maskini, lakini takribani wagonjwa wanane kati ya kumi waliopewa matibabu hayo walipona.

Mwaka wa 1993 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kifua kikuu kuwa dharura ya ulimwengu, kisha likaueneza utaratibu huo kwa jina la DOTS. Kenya ilianza kuutumia mwaka uo huo.

Lakini Ukimwi ulikuwa umekwisha kuingia. Idadi ya wagonjwa wa kifua kikuu Tanzania iliongezeka licha ya mpango uliosifiwa kote, na Styblo alipofariki mwaka wa 1998 ilikuwa bado ikipanda. Huko Eldoret, mgonjwa wa kifua kikuu akawa anapimwa virusi vya Ukimwi pia, na majibu ya vipimo vyote viwili yakaandikwa katika mstari mmoja wa rejista.