Kazimierz Nowak: miaka sita ya matayarisho, miaka mitano kwenye njia za Afrika

Kazimierz Nowak alikufa Poznań, nchini Poland, tarehe 13 Oktoba 1937. Alikuwa na miaka 40. Mwaka mmoja ulikuwa haujatimia tangu arudi nyumbani kutoka safari ya kilometa karibu 40.000 ndani ya Afrika, safari aliyoifanya peke yake na ambayo sehemu kubwa aliikata juu ya kinga. Mara mbili safari hiyo ilimpitisha Congo ya Wabelgiji.

Kwa watu wa Kasongo na Kabambare, habari ya kinga na njia ndefu si kitu cha ajabu. Reli inayotoka Kindu kwenda Kongolo inapita ng'ambo ya pili ya mto Lualaba, na barabara za kusini mwa Maniema zinajulikana hali yake wakati wa mvua. Mchele, mafuta ya mawese, chumvi na nguo vinasafiri juu ya baiskeli, zaidi zikisukumwa kuliko kupandwa. Mwenye kazi hiyo anajua kwamba safari inaanza siku nyingi mbele ya kuondoka: kuongeza vyuma kwenye kiunzi, kufunga fimbo kwenye usukani, kupima mzigo usiegemee upande mmoja, kutafuta mipira ya akiba, na kuacha kitu nyumbani ili watoto wale. Sharti hilo la mwisho ndilo lililomsumbua Nowak kuliko yote.

Alizaliwa tarehe 11 Januari 1897 katika mji wa Stryj, ambao zamani zile ulikuwa chini ya Austria-Hungary na leo uko Ukraine. Poland haikuwa nchi wakati huo. Majirani watatu wakubwa walikuwa wameigawana tangu mwisho wa karne ya 18, na ilirudi kwenye ramani mwaka 1918 tu. Tuliweke hilo akilini, maana mtu aliyekulia chini ya utawala wa wengine huwa na jicho tofauti anapofika kwa watu wanaotawaliwa.

Baada ya vita vya kwanza vya dunia Nowak alihamia Poznań, akapata kazi ya ofisi katika mambo ya bima, akaoa mke aitwaye Maria, wakazaa watoto wawili. Miaka ile pesa ya Poland ilipoteza thamani na kazi zikawa chache. Mwaka 1925 akaamua kutafuta riziki kwa njia ambayo majirani bila shaka waliiona kama wazimu: kuzunguka na baiskeli, kupiga picha, kuandika makala na kuviuza kwa magazeti. Ni kweli kwamba alikuwa anaiota Afrika tangu utoto. Lakini ndoto hiyo ilibebana na jambo la kawaida kabisa, yaani chakula cha watu wanne.

Kutoka hapo mpaka safari kubwa ilipita miaka sita, na kwa maoni yetu miaka hiyo ndiyo inayostahili kuangaliwa kwa makini. Wengi wanaosimulia habari za Nowak wanarukia jangwa na simba. Hata hivyo mtu hafiki Rasi ya Agulhas kwa sababu ya ujasiri peke yake. Alianza Ulaya, akapita Hungary, Austria na Italia, na humo akajifunza mwili wake unataka maji kiasi gani, mahali gani pa kulala panafaa, na namna ya kutengeneza kinga barabarani pasipo fundi. Akajifunza pia jambo ambalo waendesha baiskeli wachache wanalifikiria: picha gani inanunuliwa na gazeti, na barua inachukua muda gani kufika.

Mwaka 1928 alivuka bahari hadi Tripolitania, sehemu ya Libya ya leo. Waitalia walikuwa bado wanapigana na Walibya waliokataa kutawaliwa. Pesa zilimwishia, afya ikayumba, ikabidi arudi. Ukiangalia kwa haraka utasema alishindwa. Sisi tunaona kwamba hakuna sehemu ya matayarisho yake iliyomfaa zaidi ya hiyo, kwa kuwa alirudi nyumbani akijua jangwa linadai nini, na miaka mitatu baadaye hakwenda tena kama mtu wa kubahatisha.

Hakuwa na serikali nyuma yake, wala kampuni ya kumlipia. Misafara iliyokuwa ikifika Kasongo katika karne ya 19, enzi za Tippu Tip, ilikuwa na mamia ya wapagazi, vitambaa na shanga za kununulia chakula, na bunduki. Leo kuna mashindano ya kinga yanayoitwa Tour d'Afrique, yaliyoanza mwaka 2003, kutoka Cairo hadi Cape Town, kilometa karibu 12.000 kwa muda wa miezi minne hivi. Wanaoshiriki wana magari ya kubeba mizigo yao na watu wa kuwapikia. Tusiwadharau, kwa sababu miguu inayokanyaga ni yao. Lakini mizigo ya Nowak, yaani hema, kamera, filamu, dawa na vifaa vya kutengenezea, ilikuwa juu ya baiskeli ileile aliyoipanda, na baiskeli yenyewe haikuwa mpya.

Tarehe 4 Novemba 1931 aliondoka Poznań kwa treni hadi Roma. Kutoka Roma alipanda kinga mpaka Naples, akaingia meli ya Tripoli. Mpango wa fedha ulikuwa mwepesi kueleza na mgumu kutekeleza: yeye anatuma makala na picha, magazeti yanalipa, pesa inabaki Poznań kwa Maria na watoto, na yeye anaishi kwa kidogo kinachobaki. Kila mara barua ilipochelewa, au joto na unyevu vilipoharibu filamu, kulikuwa na nyumba ya mbali iliyosikia upungufu huo.

Kutoka Libya alikwenda Misri, akafuata mto Nile hadi Sudan, kisha akaingia Congo na nchi za Maziwa Makuu: Rwanda, Burundi, Uganda. Malaria ilimshika mara nyingi, akawa anaendelea na homa mwilini.

Mashariki ya Congo ya miaka ya 1930 ilikuwa na barabara ambazo baiskeli ilipita vizuri kuliko leo. Wazee wengine wanaisifu enzi hiyo kwa ajili ya barabara hizo. Ila inafaa kuuliza nani alizitengeneza. Wanakijiji walilazimishwa kuzilima na kuzifagia, na hapa Maniema waliongezewa kilimo cha pamba cha lazima. Na kuna jambo lingine. Mukongomani wa wakati ule, kama alitaka kuacha eneo la chifu wake kwa zaidi ya siku 30, alihitaji kibali cha maandishi kutoka kwa utawala. Mtu wa Kasongo mwenye miguu ya chuma na kinga nzuri asingeweza kuamka asubuhi na kusema anakwenda Cape Town. Nowak aliweza, kwa sababu alikuwa muzungu. Uwezo huo haukutokana na matayarisho yake, na ni lazima utajwe katika hesabu ya safari yake.

La kumsifu ni kwamba yeye mwenyewe aliliona. Makala zake hazikuwapendeza wakoloni. Aliandika jinsi watu weusi walivyonyanyaswa na kudharauliwa, akawaeleza Waafrika waliompokea vijijini, wakampa maji na mahali pa kulala, kama watu wenye adabu na akili. Magazeti ya Ulaya ya wakati huo hayakuwa na desturi hiyo.

Mwaka 1934 alifika Rasi ya Agulhas, ncha ya kusini kabisa ya Afrika. Hapo kila mtu angetafuta meli ya kurudi nyumbani. Yeye aligeuza, akaanza kupanda tena kuelekea kaskazini, kwa upande wa magharibi. Mapenzi ya njia, ubishi, au kwa sababu picha mpya zilikuwa mshahara mpya? Labda vyote vitatu.

Njia ya kurudi ilimlazimisha kuacha kinga kwa muda. Katika nchi ambayo leo ni Namibia, na Angola, alisafiri kwa farasi. Kisha akaingia Congo tena, akashuka mto Kasai kwa mtumbwi mpaka Léopoldville, mji unaoitwa Kinshasa leo. Baadaye alirudia baiskeli mpaka upande wa Chad, na Sahara akaivuka na ngamia. Novemba 1936 alifika Algiers. Anahesabiwa kuwa mtu wa kwanza kuivuka Afrika peke yake kutoka kaskazini hadi kusini na kurudi.

Watoto aliowaacha wadogo walikuwa wamekua bila yeye kwa miaka mitano. Maria ndiye aliyelea nyumba, akapokea barua na picha, akashughulika na magazeti. Jina lake halionekani kwenye orodha za mashujaa wa baiskeli, ingawa bila kazi yake mume angekwama kabla ya kuvuka jangwa la kwanza.

Nowak alirudi akiwa amechoka vibaya. Alizunguka miji akionyesha picha na kueleza aliyoyaona, na alikuwa anapanga safari nyingine, safari hii ya Asia. Mwili haukukubali. Malaria ilikuwa imemmaliza nguvu. Akaingia hospitali kwa ajili ya ugonjwa wa mguu, akapasuliwa, kisha mapafu yakashikwa na homa, naye hakupona.

Vita vilikuja miaka miwili baadaye na jina lake likafunikwa. Mwaka 2000 mwandishi Łukasz Wierzbicki alikusanya makala zake zilizotawanyika katika magazeti ya zamani na kuzitoa kama kitabu, na Wapoland wengi ndipo walipomjua mtu huyo kwa mara ya kwanza. Mwaka 2006 liliwekwa bamba la kumbukumbu kwenye kituo cha treni cha Poznań, mahali alipoondokea. Aliyelizindua ni Ryszard Kapuściński, mwandishi wa habari ambaye naye alifika Stanleyville mwaka 1961, Congo ilipokuwa katika misukosuko baada ya kifo cha Lumumba.

Kati ya mwaka 2009 na 2011, kundi la Wapoland liliamua kufuata njia yake. Walipokezana: timu moja inamaliza kipande chake, nyingine inashika kutoka hapo.