Carl Linnaeus, Bwana wa Ngeli za Viumbe

Sisi wa Chama cha Kiswahili tunadhani ngeli ni zetu peke yetu. La! Palikuwa na Mswidi mmoja aliyewatafutia mimea na wanyama ngeli zao.

Carl Linnaeus alizaliwa Mei 1707 kijijini Råshult, Uswidi, mtoto wa kasisi aliyependa bustani. Alisomea udaktari kwa shida ya pesa, na mwaka 1741 akawa profesa Uppsala. Zamani hizo jina la mmea lingeweza kuwa refu kama sentensi. Katika kitabu chake cha 1753 akaipa mimea majina ya maneno mawili tu. Mchai akauita Thea sinensis. Leo ni Camellia sinensis, huu huu uliofunika vilima vyetu vya Kericho na Bomet.

Na mchai ulimsumbua kweli kweli! Alitaka uoteshwe Uswidi ili fedha ya nchi isiishie China. Mche mmoja ulianguka baharini, mwingine ukatafunwa na panya. Mwaka 1763 nahodha Ekeberg akamletea michai hai, lakini mpango haukufaulu. Tena mwaka 1762 aliugawa mchai kuwa spishi mbili, eti chai nyeusi na ya kijani hutoka kwa mimea tofauti. Mchumaji yeyote wa hapa kwetu angemwambia ni jani lile lile, kiwandani ndiko zinakoachana.

Shida ni kwamba alitegemea macho. Sifongo wa baharini hukaa pale pale kama mwani, basi mwaka 1753 akawatia kwenye mimea. Hata walipokubaliwa kuwa wanyama waliendelea kuwatatiza wataalamu, maana wa spishi moja huweza kuwa na maumbo mbalimbali, na wa spishi mbili wakafanana kama pacha. Siku hizi husomwa DNA, ile kemikali ya urithi iliyo ndani ya seli. Mpangilio wa herufi zake nne, A, T, G na C, hulinganishwa sifongo kwa sifongo. Ndivyo mwaka 2012 kundi la Homoscleromorpha lilivyotolewa katika ngeli ya zamani, likawa ngeli ya nne ya sifongo. Hata chai yetu ya Kenya, kufikia 1995 watafiti walikwisha kutumia alama za DNA kutenganisha yenye asili ya China na ya Assam.

Sifongo mpya akitambuliwa kwa DNA bado hupewa majina mawili, kama alivyotaka Linnaeus. Yeye mwenyewe alipooza uzeeni na kumbukumbu ikampotea. Inasimuliwa kwamba alivisoma vitabu vyake akavisifu, bila kujua nani aliyeviandika. Alifariki Januari 1778.