Mwenda Jean Bosco: gita moja la Likasi, santuri nyingi, majina mawili

Mwaka 1952 Likasi ilikuwa bado inaitwa Jadotville, na vijana walikuwa wanaingia mjini kila siku kutafuta kazi kwa Union Minière. Mmoja wao alikuwa anatembea barabarani na gita lake. Hugh Tracey, Mwingereza aliyezunguka Afrika akirekodi muziki wa wenyeji, alimsikia akapiga naye rekodi. Wimbo mmoja, Masanga, ulitolewa Afrika Kusini katika santuri za Gallotone, ukapata tuzo ya Osborn kama rekodi bora ya muziki wa Afrika ya mwaka huo.

Kijana huyo ni Mwenda Jean Bosco. Alizaliwa mwaka 1930 kule Bunkeya, makao ya mfalme M'siri, kati ya Bayeke ambao mababu zao walitoka Unyamwezi wakifuata biashara ya shaba na pembe.

Alipiga gita kwa vidole viwili. Kidole gumba kilishika sauti nzito, kidole cha shahada kikacheza sauti za juu, na asiyemwona alidhani wapigaji ni wawili. Zaidi ya hapo, wimbo uleule hakuupiga mara mbili kwa namna moja. Mtaalamu David Rycroft aliandika kirefu juu ya jambo hilo mwaka 1961 na 1962, akifuata noti moja moja jinsi Mwenda alivyogeuza nyimbo zake papo hapo. Kwa hiyo mwenye santuri ya Masanga alikuwa na Masanga ya siku moja tu.

Zilifuata nyingine: Bombalaka, Bibi Theresa, Mama na Mwana. Aliimba hasa kwa Kiswahili cha Katanga, kile cha kambi na soko, na ndiyo sababu alieleweka mbali na nyumbani. Mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960 aliishi Nairobi, kama ndugu yake Edouard Masengo, akasikika kwenye redio. Wapiga gita wa Kenya walijifunza kwake, na wengi wao hawajaiona Likasi hata siku moja. Mwaka 1969 alipanda jukwaa la Newport, Marekani.

Halafu likaja swali la jina. Mwaka 1972 Mobutu alikataza majina ya kikristo, na Jean Bosco ikabidi liwekwe pembeni. Akawa Mwenda wa Bayeke. Santuri za zamani zilibaki na jina la ubatizo, kazi za baadaye zikachukua jina la kabila lake. Hadi leo mtu anayetafuta muziki wake kwa jina moja tu atapata nusu ya kazi yake, na huenda akadhani ni watu wawili.

Mwaka 1979 Mwingereza John Low, mpiga gita naye, alikuja Shaba kutafuta wazee wa gita wa miaka ya 1950. Safari hiyo ikawa kitabu, Shaba Diary, kilichotoka Vienna mwaka 1982.

Mwenda alirekodi tena Afrika Kusini mwaka 1988. Miaka miwili baadaye, 1990, alikufa katika ajali ya gari. Albamu ya rekodi hizo za mwisho ilitoka Marekani yeye akiwa ameshazikwa, na juu ya kasha liliandikwa Mwenda wa Bayeke.