Mohamed Amin: Mpigapicha aliyekataa kuchagua kamera moja

VIJANA wanaoingia katika kazi ya upigaji picha hawakawii kukumbana na swali moja gumu. Je, mtu ashike tawi moja, liwe la harusi, la michezo au la wanyamapori, abobee humo hadi jina lake litajwe kila panapotafutwa kazi ya aina hiyo? Au awe tayari kuitikia kila mwito, leo yuko mahakamani, kesho uwanjani, kesho kutwa katika hoteli ya kitalii akipiga picha za matangazo?

Wahenga walisema kuwa mshika mbili moja humponyoka. Hao hao wakasema kwamba jifya moja haliinjiki chungu. Kila upande una methali yake, na kila upande una watu waliofaulu na waliokwama.

Humu nchini, maisha yanayolichambua swali hilo kwa undani zaidi ni ya marehemu Mohamed Amin, ambaye wenzake walimwita Mo. Alipiga picha za magazeti na za runinga, akachapisha vitabu na majarida, akaendesha kampuni. Ulimwengu unamkumbuka kwa kazi ya siku chache alizokaa kaskazini mwa Ethiopia mnamo Oktoba 1984. Ili kuelewa jinsi siku hizo chache zilivyopatikana, hatuna budi kurejea nyuma.

Mwana wa mfanyakazi wa reli

Mohamed Amin alizaliwa Agosti 29, 1943 katika mtaa wa Eastleigh, Nairobi. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa shirika la reli, na kazi hiyo ndiyo iliyoihamisha familia hadi Dar es Salaam, Tanganyika, ambako Mo alikulia na kusomea.

Hakupitia chuo chochote cha upigaji picha. Kamera yake ya kwanza ilikuwa Box Brownie, kisanduku kisicho na mengi ya kurekebisha. Ufundi wa kusafisha picha alijifunza akiwa mwanafunzi, na bado akiwa shuleni alipiga picha za mbio za magari za Safari na kuwauzia wenye magazeti.

Jambo hilo lina uzito kuliko linavyoonekana. Mtu anayeajiriwa katika shirika kubwa hufundishwa kipande kimoja cha kazi: yeye hupiga, mwingine husafisha, wa tatu huuza. Kijana huyu alijifunza mnyororo mzima. Alijua kupiga picha, kuisafisha, kuichapisha, kumfikishia mhariri kabla gazeti halijakwenda mitamboni, kisha kudai malipo yake.

Mnamo 1963, kabla hajatimiza umri wa miaka 21, alianzisha kampuni ya Camerapix jijini Dar es Salaam. Wakati huo jiji hilo lilikuwa kitovu cha harakati za ukombozi. Chama cha FRELIMO cha Msumbiji kilikuwa kimeundwa huko mwaka uliotangulia, na Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliiweka huko Kamati yake ya Ukombozi. Habari zilikuwapo tele, na mashirika ya ng'ambo yalizihitaji.

Lakini mpigapicha wa kujitegemea halipwi mshahara mwisho wa mwezi. Hulipwa kwa picha iliyotumika, na ambayo haikutumika ni hasara yake. Mo alitambua kuwa tukio moja likiuzwa mara moja tu halitamlisha. Kwa hivyo alikwenda kila mahali na kamera za aina mbili: moja ya picha tuli kwa ajili ya magazeti, nyingine ya filamu kwa ajili ya runinga. Safari ikawa moja, nauli moja, wanunuzi wawili au zaidi. Kushika fani nyingi kulianza kama hesabu ya mfukoni.

Zanzibar, jela na Nairobi

Mapinduzi ya Zanzibar yalipotokea Januari 12, 1964, Mo alikuwa ng'ambo ya pili ya mkondo wa bahari. Alivuka na kurudi na picha zilizosambaa duniani. Miaka miwili baadaye visiwa hivyo vilimgeukia. Mnamo 1966 alikamatwa huko na kufungwa gerezani kwa takriban mwezi mzima, kisha akafukuzwa. Ndipo alipoihamishia Camerapix Nairobi, mji aliozaliwa.

Mnamo Julai 5, 1969, waziri Tom Mboya alipigwa risasi nje ya duka la dawa katika barabara iliyoitwa Government Road, ambayo leo ni Moi Avenue. Mo alifika upesi akaanza kazi papo hapo, huku juhudi za kumwokoa waziri huyo zikiendelea. Picha zake za siku hiyo zilionekana magazetini na katika runinga za nchi nyingi, na zilimletea tuzo ya mpigapicha bora wa runinga nchini Uingereza.

Hata hivyo, hapa ndipo methali ya mshika mbili inapodai haki yake. Jicho la mtu ni moja nyuma ya lenzi. Dakika anayopiga filamu ni dakika asiyopiga picha tuli, na tukio la aina ile halirudiwi. Anayebeba kamera mbili hulipa kila mara kwa kuamua, tena kwa nukta chache, ni ipi aiinue na ni ipi aiache ining'inie. Mo alilipa gharama hiyo maisha yake yote.

Vitabu na biashara

Katika miaka ya sabini na themanini, kazi za Camerapix zilitanuka mno. Mo alipata ruhusa ya kupiga picha za hija, na kitabu chake kuhusu safari ya Makka kilitoka 1978. Mnamo 1981 kilifuata kingine kuhusu Ziwa Turkana na jamii zinazoishi kandokando yake. Vilifuata vitabu vikubwa vya picha kuhusu Kenya, Pakistan na Tanzania, vingi akishirikiana na mpigapicha Duncan Willetts na mwandishi Brian Tetley. Mnamo 1986 walitoa kitabu kuhusu reli ya Afrika Mashariki, ile ile iliyoilisha familia yake alipokuwa mtoto. Aidha, kampuni hiyo ilichapisha jarida la abiria wa shirika la ndege la Ethiopia.

Wakati huo huo alikuwa mkuu wa ofisi ya Afrika ya Visnews, shirika lililosambaza picha za habari kwa vituo vya runinga ulimwenguni na ambalo baadaye lilikuja kuwa Reuters Television.

Ni haki kumtaja hapa mtu aliyefuata njia ya pili. Katika miaka iyo hiyo, huko Naivasha, Alan Root na mkewe Joan walikuwa wakitengeneza filamu za wanyamapori na hawakutaka kazi nyingine. Waliweza kukaa mahali pamoja kwa miezi mingi wakisubiri jambo litakaloonekana kwa dakika chache. Filamu yao kuhusu mchwa na vichuguu, iliyotolewa 1978, iliteuliwa kuwania tuzo ya Oscar. Subira ya namna hiyo Mo hakuwa nayo. Lakini Root naye hangeweza kuacha mchwa wake jioni na kuwa Kampala asubuhi palipotokea mapinduzi. Kila mmoja alichagua kazi iliyolingana na hulka yake, na Kenya ilinufaika na wote wawili.

Mlango wa Korem

Mwaka 1984 ukame na vita viliiletea Ethiopia ya kaskazini baa la njaa. Serikali ya Mengistu Haile Mariam, ambayo Septemba mwaka huo ilikuwa ikiadhimisha miaka kumi ya mapinduzi yake, haikutaka waandishi wa habari waende maeneo hayo. Vibali vya safari vilikuwa adimu kuliko filamu.

Wapigapicha hodari walikuwa wengi duniani. Waliokuwa na uwezo wa kupenya hadi kaskazini walikuwa wachache mno. Mo alikuwa amekwenda Addis Ababa mara nyingi kwa shughuli za kila namna. Alijua ofisi ipi hutoa kibali na ipi huzuia, na alijua wakati wa kubembeleza na wakati wa kung'ang'ania. Aliposhika njia kuelekea Korem, pamoja na mwandishi Michael Buerk wa BBC, alikuwa akivuna mbegu alizopanda kwa muda wa miaka ishirini.

Walichokikuta alfajiri ile kinajulikana. Makumi ya maelfu ya watu walikuwa wamekusanyika kwenye uwanda wenye baridi, wakiwa wamejifunika nguo kuukuu, na waliofariki usiku walikuwa wakipangwa kwa maziko. Mo alipiga picha taratibu bila madoido, akiwaacha watu wale waonekane walivyo. Ripoti hiyo ilitangazwa na BBC Oktoba 23, 1984, na baadaye ikaonyeshwa na vituo vya runinga zaidi ya 400. Misaada ikaanza kumiminika. Wanamuziki wa Uingereza na Marekani walirekodi nyimbo za kuchangisha fedha, na Julai 13, 1985 tamasha la Live Aid likafanyika kwa wakati mmoja London na Philadelphia.

Hapo ndipo inapodhihirika aina ya ubingwa aliokuwa nao Mohamed Amin. Alihama kutoka reli hadi hija, kutoka mbio za magari hadi vita, na ungemtazama kwa haraka ungedhani ni mtu asiye na makao katika fani yake. Lakini karibu kila kazi aliyoifanya ilimrudisha katika eneo lile lile la dunia, na kila safari ilimwongezea mtu wa kumpigia simu. Vitabu vilimfungulia milango ambayo habari zilifungiwa. Habari zilimfikisha palipozaa vitabu. Alikuwa ametawanya mikono yake, ila miguu yake aliisimamisha mahali pamoja.

Siku alipopoteza mkono

Mei 1991 Mengistu alikimbia nchi na wapiganaji waliokuwa wakimpinga wakauteka mji mkuu. Siku chache baadaye, Juni 4, ghala la silaha lililipuka jijini Addis Ababa. Mo na wenzake walikwenda kupiga picha za moto huo, na mlipuko mwingine ukawakuta hapo. Fundi wake wa sauti, John Mathai, aliuawa. Mo alinusurika, lakini mkono wake wa kushoto ulikatwa.

Wakati huo alikuwa na umri wa miaka 47. Mpigapicha aliyetegemea kamera peke yake angekuwa amefikia kikomo cha riziki yake. Yeye alikuwa na kampuni, alikuwa na vitabu, alikuwa na wafanyakazi wa kutuma. Uwezo wake mpana, ambao kwa miaka mingi ungeweza kuitwa tamaa ya kushika kila kitu, ndio sasa uliokuwa kinga yake. Angeketi ofisini Nairobi akawa mchapishaji, na hakuna ambaye angemlaumu.

Hakuketi. Alitafuta mkono bandia uliotengenezwa kwa namna ya kumwezesha kushika kamera, akarejea kazini mapema kuliko wengi walivyotarajia. Uamuzi huo unaeleza zaidi ya orodha yote ya kazi zake. Vitabu, majarida na biashara vilikuwa mafiga yaliyokishikilia chungu, lakini moto uliokuwa chini yake ulikuwa mmoja: kufika palipotokea jambo na kulionyesha.

Gharama nayo haikuwa ndogo. Mathai hakurudi nyumbani. Familia ya Mo ilizoea kumkosa, kwa sababu mtu anayeitikia kila mwito huwa hana siku ambayo kwa hakika ni yake. Wanaousifu upana wa kazi zake hawana budi kuutia katika hesabu upande huo pia.

Safari ya mwisho

Mnamo Novemba 23, 1996 Mo na Brian Tetley walipanda ndege ya Ethiopian jijini Addis Ababa kurudi Nairobi. Watu watatu waliiteka nyara na kumtaka rubani aelekee Australia, ingawa mafuta hayakutosha. Ndege hiyo iliishiwa mafuta na kuanguka baharini karibu na ufuo wa Ngazija, visiwani Komoro. Kati ya watu 175 waliokuwa ndani, 125 walifariki, Mo na Tetley wakiwa miongoni mwao. Baadhi ya walionusurika walisimulia kwamba alikuwa amesimama akijaribu kuzungumza na watekaji hadi dakika za mwisho. Alikuwa na umri wa miaka 53.

Mwanawe, Salim Amin, aliichukua Camerapix na hazina ya picha alizoziacha babake.

Siku hizi simu moja ya mkononi hupiga picha tuli na video, na kila kijana anayeanza kazi hii hubeba mfukoni kile ambacho Mo alikibeba kwa mabega mawili. Kujua vyombo vingi hakumtofautishi tena mtu na mwenzake. Anayesita leo kati ya harusi na habari, kati ya wanyamapori na matangazo, huenda akafaidika zaidi akijiuliza swali lililotangulia hilo: ni mahali gani, au ni watu gani, ninaowajua kiasi kwamba siku mlango utakapofungwa kwa wengine, mimi nitafunguliwa? Mohamed Amin alikuwa na jibu lake muda mrefu kabla ya kufika Korem.