Bell wa Karamoja: Bunduki Nyepesi, Mzigo Mzito

Mwaka 1897, reli ya Uganda ikiwa ndiyo kwanza inaondoka Pwani kuelekea bara, kijana wa Kiskoti aliteremka bandarini Mombasa. Hakuwa na mali, na umri wake haukuzidi miaka 17. Alichokuwa nacho ni bunduki moja na hamu ya kuwinda ndovu tangu utotoni. Jina lake Walter Dalrymple Maitland Bell, lakini wawindaji wa dunia nzima walikuja kumjua kwa jina la Karamojo Bell.

Hadi leo, wapenzi wa bunduki za kuwindia wanapobishana kuhusu mtutu mwembamba na mtutu mnene, jina la Bell halikosi kutajwa. Wengi humsifu kwa shabaha. Sisi watu wa Pwani tuna sababu nyingine ya kuyasoma maisha yake, kwa maana pembe alizozipata ni sehemu ya biashara iliyoijenga miji yetu, na miongoni mwa waliokuwa huko bara walikuwamo wazee wetu.

Bell alizaliwa mwaka 1880 karibu na mji wa Edinburgh, katika familia yenye watoto wengi na uwezo wa kutosha. Mama yake alifariki yeye akiwa mchanga, na baba akafuata miaka michache baadaye. Kaka zake wakubwa walijaribu kumlea, lakini shule hakuipenda. Alitoroka, akaenda baharini akingali mtoto, na safari zake za mwanzo zikamfikisha hadi upande wa Australia na New Zealand. Hatimaye familia ilichoka kumzuia ikamwacha aje Afrika.

Kazi yake ya kwanza hapa ilikuwa kuwalinda wajenzi wa reli dhidi ya simba wala watu. Bunduki yake ilikuwa ya risasi moja. Ukishapiga, ufungue, utoe ganda, utie risasi nyingine, na simba hakusubiri. Ndovu aliowajia hakuwapata safari ile. Aliondoka, akaenda Klondike kaskazini mwa Kanada wakati wa mbio za dhahabu. Huko hakuchimba dhahabu sana, bali aliwinda nyama ya kuwauzia wachimbaji, mpaka mshirika wake alipotokomea na fedha. Kisha akajiunga na kikosi cha wapanda farasi wa Kanada kilichopelekwa Afrika Kusini kwenye vita vya Makaburu. Vita vilipomalizika mwaka 1902, alirudi kwetu.

Safari hii alikuta mambo yamebadilika. Reli ilikuwa imefika Kisumu. Mtu aliweza kupanda gari la moshi Mombasa na kushuka ziwani, jambo ambalo misafara ya zamani ililifanya kwa miezi ya miguu. Kutoka Kisumu alikwenda Mumias, mji wa Mfalme Mumia wa Wanga, ambako Waswahili walikuwa wamefanya kituo cha biashara kwa miaka mingi. Ndiko misafara ya kaskazini ilikopata chakula na wapagazi. Huko mbele ilikuwa Karamoja, nchi kavu ya wafugaji, iliyoko Uganda ya sasa. Serikali ya Kiingereza ilikuwa haijaishika sawasawa, na ndovu dume wenye pembe kubwa walikuwa bado wengi.

Sasa tuje kwenye bunduki, maana hapo ndipo Bell alipotofautiana na wenzake.

Wawindaji wa ndovu wa zama zile waliamini kuwa mnyama mkubwa hutaka bunduki kubwa. Wengi walibeba bunduki za mitutu miwili. Katika baadhi ya zile kubwa, tundu la mtutu lilikaribia milimita 15, na risasi moja ilikuwa na uzito wa gramu 49 hivi. Bunduki yenyewe ilifika kilo 6. Uzito huo haukuwa ujinga wa mafundi. Baruti nyingi nyuma ya risasi nzito hupiga teke kali, na chuma kizito hulipunguza teke hilo lisimvunje mtu bega. Ukichukua bunduki ya namna hiyo ukaupunguza mtutu wake ili iwe nyepesi, umejitengenezea adhabu. Mpigaji ataanza kuliogopa teke kabla hajavuta kifyatulio, na shabaha itaharibika.

Bell aliijaribu bunduki ya mitutu miwili akaiacha. Alianzia upande wa pili wa hesabu, yaani kwenye risasi. Alichagua risasi ndogo ya kijeshi ya milimita 7, yenye gramu 11 tu, iliyofunikwa chuma kigumu mwili mzima. Risasi hiyo ilitumiwa kwenye bunduki ya Mauser ya Ujerumani, ambayo duka la Rigby la London liliitengeneza upya kwa ajili ya wawindaji na kuiita .275. Kwa kuwa tundu ni dogo na baruti ni kidogo, mtutu ungeweza kuwa mwembamba bila hatari, na teke likawa la kuvumilika hata bunduki ikiwa na kilo 3 na ushei. Ndani yake kulikuwa na nafasi ya risasi 5, na kwa kuvuta komeo moja risasi nyingine iliingia mahali pake. Alitumia pia .303 ya jeshi la Uingereza, ambayo risasi zake zilipatikana kwa urahisi.

Wepesi ulimpa faida ambayo wenzake hawakuwa nayo: aliibeba bunduki yake mwenyewe. Mwenye bunduki ya kilo 6 hawezi kuishika mkononi kutwa nzima juani. Humpa mtu ambebee, na ndovu akitokea ghafla vichakani, bunduki iko kwa mwingine, na mwingine huyo pengine ameshapanda mti. Bell alitembea na yake mkononi alfajiri hadi jioni. Njiani alifanya mazoezi bila risasi ndani. Huchagua jiwe au ndege wa mbali, huinua, hulenga, hufyatua kavu, huteremsha. Alifanya hivyo kila siku kwa miaka, hata bunduki ikawa kama kiungo cha mwili wake.

Mtutu mwembamba una kasoro zake, na Bell alizijua. Huchemka upesi, na ukichemka risasi huanza kwenda kando ya pale ulipolenga. Pia huyumba kwa urahisi mkononi mwa mtu anayehema. Lakini kuchemka ni tatizo la mwenye kupiga risasi nyingi mfululizo, naye hakuhitaji nyingi. Kwa wakati mmoja alipenda bunduki nyingine nyepesi zaidi, Mannlicher ya milimita 6.5, nyembamba na nzuri kuitazama. Aliiacha kwa sababu risasi alizokuwa nazo zilikataa kulipuka mara kwa mara. Mbele ya ndovu, bunduki nzuri yenye risasi mbovu haina maana. Akarudi kwenye ile ya milimita 7.

Lakini gramu 11 zinamwangushaje mnyama wa tani 5? Hapa ndipo penye siri yake, na siri haikuwa chuma. Bell alilipasua fuvu la ndovu kwa msumeno alitazame ndani. Aliona kwamba kichwa kile kikubwa kimejaa mfupa wenye vitundu mithili ya sega la nyuki, na ubongo umejificha nyuma, ni mdogo kuliko mtu anavyodhani. Alichora michoro ya kichwa kwa kila upande, akajifunza ubongo unakaa wapi ndovu akiwa ubavu, akiwa uso kwa uso, na hata akiwa ameshampita mpigaji. Risasi ndogo ngumu isiyopinda, ikiingia mahali penyewe, ilimwangusha ndovu papo hapo. Ikiingia pengine, hata risasi ya gramu 49 haikusaidia sana. Kwa hiyo kila kilo aliyoipunguza kwenye bunduki aliilipa kwa elimu na mazoezi. Walioiga bunduki yake bila kuiga masomo yake walijeruhi wanyama, na wengine walipoteza maisha.

Huyo ndiye Bell anayesifiwa na wapenzi wa bunduki. Sasa tutazame nyuma yake, kwenye msafara.

Karamoja, mahali palipoitwa Manimani, aliwakuta wafanyabiashara wa Kiswahili wamepiga kambi. Mkubwa wao alikuwa Shundi. Huyu hakuwa mzaliwa wa Pwani. Alikuwa mtu wa huko upande wa ziwa, alitekwa utotoni akafanywa mtumwa, kisha akasilimu, akapanda daraja mpaka akawa mfanyabiashara mkubwa mwenye watu na silaha. Maisha ya Shundi peke yake yanatosha kitabu, na ni haki yetu kusikitika kwamba hatuna alichokiandika yeye, ila tunamjua kupitia kalamu ya Bell. Tena tuseme kweli: wafanyabiashara wale hawakuwa malaika. Baadhi yao walipora ng'ombe na kuua watu wa Karamoja, na wenyeji walikuwa na sababu ya kutomwamini mgeni yeyote atokaye kusini.

Bell alitumia njia nyingine. Wakaramojong ni watu wa ng'ombe, hivyo aliahidi mtamba kwa yeyote atakayemletea habari za ndovu dume wengi pamoja, na ahadi akaitimiza. Habari zikaanza kumiminika. Rafiki yake mkubwa akawa Mkaramojong aitwaye Pyjale, hodari wa kufuata nyayo, aliyekuwa mbele yake siku baada ya siku. Pasipo macho ya Pyjale, ile bunduki nyepesi isingekuwa na cha kulenga.

Ndovu akishaanguka, kazi ya Bell imekwisha, lakini kazi ya wengine ndiyo kwanza inaanza. Pembe hukatwa na kutolewa, husafishwa, hupimwa. Pembe moja ya dume wa haja ilifika frasila moja na nusu, na nyingine zaidi. Hiyo ni kilo 24 na kupanda, mzigo wa mtu mmoja begani, kwa majuma, katika nchi ya kiu, mpaka Mumias. Kwa hiyo kila ndovu mmoja alikuwa ni wapagazi wawili. Bell aliandika kwa makini idadi ya ndovu, idadi ya risasi, na bei ya pembe. Majina ya wapagazi wengi hayamo.

Baada ya Karamoja kuwekewa sheria na vibali, aliendelea kwingine. Aliwinda Lado, pale ambapo leo Uganda na Sudan Kusini zinapakana, wakati Wabelgiji waliposhikilia eneo hilo kwa muda. Alikwenda mpaka wa Uhabeshi, Liberia, na nchi za Wafaransa Afrika ya kati. Vita Vikuu vya Kwanza vilipozuka alijifunza urubani, akaruka juu ya Tanganyika kuyapeleleza majeshi ya Wajerumani, na akapewa nishani ya kijeshi. Baadaye alioa, akarudi Uskoti, akanunua shamba milimani kaskazini, akawinda kulungu, akachora picha, akasafiri kwa mashua ya matanga. Aliandika kitabu cha safari zake mwaka 1923, na kingine cha Karamoja mwaka 1949. Alifariki mwaka 1954 akiwa nyumbani kwake, na kitabu chake cha mwisho kilitoka baada ya kifo chake.

Hesabu ya ndovu wake inayotajwa ni 1,011. Takriban 800 kati yao waliuawa kwa ile bunduki ya milimita 7.

Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Mwaka 2016 tani 105 za pembe zilichomwa moto Nairobi mbele ya dunia, ili kuonyesha kwamba pembe haina thamani ila ikiwa juu ya ndovu mwenyewe. Leo mtoto wa Mombasa akitaka kumwona ndovu, wazazi hulipa kiingilio Shimba Hills au Tsavo. Mkulima wa Kwale anayekesha akilinda mahindi yake ana maneno mengine kuhusu ndovu, naye tusimsahau.

Simwandiki Bell ili tumchukie, wala ili tumtukuze. Alikuwa mtu wa zama zake, na katika ufundi wake alikuwa na somo la kweli: usikimbilie nguvu kabla hujatafuta maarifa. Fundi wa jahazi, daktari na mwalimu wote wanaweza kulichukua somo hilo. Lakini katika vitabu vyake wepesi ule unaonekana kama wake peke yake, na sivyo. Alitembea mikono mitupu ila bunduki ya kilo 3 kwa sababu kulikuwa na safu ndefu ya watu nyuma yake, kila mmoja na pembe begani.

Wazee wetu walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ukiona picha ya mwindaji wa zamani amesimama na bunduki yake nyembamba, jicho lako lisiishie kwake. Tazama nyuma ya picha, uulize nani aliyabeba. Huenda ukoo wako una jibu. Kama babu au bibi yupo hai na anakumbuka jina la aliyekwenda bara na misafara, mwulize leo, uliandike.